Gramu Mia Nne za Hirizi

Jumanne, tarehe 9 Januari 1996, Zamzam Yunusi wa Mbwajumali, kisiwani Pate, alitia saini katika daftari la vifaa la zahanati kuwa amepokea mizani moja ya kupimia watoto, suruali mbili za turubai za kumtundikia mtoto na kalamu moja ya wino. Daftari hilo bado lipo, na saini inasomeka. Kalamu iliisha mwaka uleule. Suruali zilichanika, akashona nyingine kwa kitambaa cha tanga. Mizani ni ileile hadi leo: uso wa mviringo kama saa ya ukutani, ndoana juu, ndoana chini, na sindano nyekundu ambayo Zamzam huirudisha kwenye sufuri kwa ukucha wa kidole gumba kabla ya kupima kila mtoto.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mjane asiye na mtoto aliye hai. Kijiji kilimchagua kuwa mhudumu wa afya kwa sababu alimaliza darasa la saba, alikuwa na mwandiko mzuri, na alikuwa mjukuu wa Bi Hadia. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo iliyobeba zile nyingine.

Bi Hadia alikuwa mkunga. Kwao husimuliwa kwamba miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, alikuja muuguzi wa serikali ya wakoloni kwa mashua, mwanamke wa Kizungu aliyevaa kofia ya ukili, akawakusanya wakunga na kuwaonyesha jinsi ya kuchemsha wembe na uzi wa kufungia kitovu. Bi Hadia alikubali papo hapo, na akachemsha wembe mpaka alipokufa. Kisha mgeni akatoa mizani, akataka watoto wavuliwe nguo, wapimwe mmoja mmoja, na uzito utajwe kwa sauti ili mwenzake aandike. Bi Hadia akainuka na kujitanda leso yake. "Mwana si mbata apimwe," akasema, akaenda zake, na wanawake wote wakamfuata.

Zamzam alilelewa na hadithi hiyo ikisimuliwa kwa kicheko. Kutokana nayo aliyashika mambo mawili: maji yachemshwe, na mwana hasemwi. Mwana hasemwi maana yake ni kwamba hasifiwi bila Mashallah, hahesabiwi hadharani, wala havuliwi nguo mbele ya macho ambayo hujui yamebeba nini.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1996, alipofundishwa siku mbili jinsi ya kupima, alifundishwa yaleyale yaliyomfukuza bibi yake. Jumanne ya kwanza walikuja akina mama wawili. Mwezi uliofuata hakuja mtu. Zamzam alikaa barazani mchana kutwa, mizani ikining'inia kwenye boriti, na jioni akaiteremsha na kufikiri.

Mwezi wa tatu alipita nyumba kwa nyumba na masharti yake mwenyewe. Mtoto atapimwa na nguo zake. Yeye atatoa gramu mia mbili za nguo katika uzito. Uzito hautatajwa, ataandika mwenyewe kimya kimya katika kadi ya mtoto. Na hakuna atakayesema neno juu ya mtoto wa mwenzake bila kumtaja Mungu. Walikuja akina mama kumi na tisa. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na tisa, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, baraza la Zamzam halikupata kuwa tupu. Watoto aliowapima mwanzo wameleta watoto wao. Kwa njia hiyo waliopaswa kuchanjwa walichanjwa, waliodhoofika walionekana mapema, na katika vitongoji vya jirani wauguzi walimtaja kama mfano.

Katika fomu ya mwezi palikuwa na kisanduku kinachouliza kama mtoto amepimwa bila nguo. Zamzam alitia alama ya ndiyo. Kwa hesabu yake hakuwa anadanganya. Nguo alishazitoa kwa kalamu.

Lubna alizaliwa Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2024, kilo tatu na gramu mia moja. Mamake ni Israa, msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye Zamzam mwenyewe alimpima utotoni. Babake, Jeilani, huzamia kamba mawe. Wanaishi nyumba moja na kaka yake Jeilani, Harith, anayenunua kamba hao kwa wazamiaji na kuwauza Kizingitini, pamoja na mke wa Harith, Maram, aliyetoka Mkokoni, ng'ambo, upande wa bara. Maram ana miaka saba ya ndoa na hajazaa. Juu ya wote hao yuko Bi Umulkheir, mama wa wanaume wawili, mwenye nyumba na mwenye neno.

Israa alikaa ndani siku arubaini kama ilivyo ada, kisha Lubna akaanza kuletwa barazani. Novemba, kilo nne nukta tatu. Desemba, tano nukta mbili. Tarehe 7 Januari, tano nukta nane. Mstari katika kitabu chake cha kliniki ulipanda kama ngazi.

Katikati ya Januari mtoto akaanza kuhara. Kukawa kunakuja na kuondoka. Wakati huohuo Israa alikuwa akilipa saumu. Ramadhani iliyotangulia, mimba ilikuwa changa na inamtapisha, akala siku kumi na tisa, na sasa Ramadhani nyingine ilikuwa mlangoni. Sheria inampa mwenye kunyonyesha nafasi ya kungoja. Israa hakutaka kungoja. Alifunga, na maziwa yakapungua, naye akadhani ni mtoto anayekataa.

Bi Umulkheir alipoona mjukuu hatulii, alifungua sanduku lake akatoa hirizi ya bibi yake: kibweta cha fedha cha pembe nne, chenye aya ndani, na mkufu mzito wa kuzunguka kiuno. Akamfunga Lubna chini ya nguo, juu ya ngozi, na kuagiza kisifunguliwe.

Tarehe 4 Februari, Israa akiwa amelala kwa uchovu wa mfungo, aliyemleta Lubna kupimwa alikuwa Maram. Barazani palikuwa na wanawake ishirini na sita, na maneno yalikuwa yamekolea.

"Maram, umezaa lini weye?" mmoja akamtania. "Hatukusikia hata kigelegele."

"Nimezaa asubuhi," Maram akajibu, akicheka, kwa kuwa miaka saba ilishamfunza kucheka. "Mamake yuwalala. Yuwafunga."

"Yuwalipa?"

"Yuwalipa. Zimebaki kumi na moja."

"Mashallah. Mimi zangu za mwaka juzi ziko hapo zanitizama."

Wakacheka. Zamu ya Lubna ikafika. Alikuwa amevikwa kanzu ya pamba, kofia ya sufu na wanja machoni. Maram akamnyoosha kwa Zamzam na kusema, kama mtu anayesema lolote, "Mpokee, Bi Zamzam. Mzito yeo, kanivunda mkono."

Baraza likanyamaza. Maram hakuongeza kitu. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema Mashallah kwa niaba yake, kwa sauti ya juu, na wengine wakaangalia chini.

Zamzam alimpitisha mtoto katika suruali ya kupimia, akiwa na haraka ya kuuvunja ule ukimya. Mkono wake ulipopita kiunoni uligusa kitu kigumu chini ya kanzu, chenye pembe. Alijua ni nini. Hirizi haiulizwi, na kumfunulia mtoto kiuno wakati ule, neno la Maram likiwa bado liko hewani, kungekuwa kama kulitilia nguvu. Akamtundika. Sindano ikasimama kwenye sita nukta moja. Akatoa mbili za nguo, akaandika tano nukta tisa.

Mstari ulikuwa umepanda kidogo mno, lakini ulikuwa umepanda. Kanuni ya kazi yake ni rahisi: uzito ukikaa palepale mwezi mmoja, unamshauri mama; miezi miwili, unampeleka mtoto zahanati; ukishuka, unampeleka siku hiyohiyo. Ule utepe wa kuzungushia mkono, ambao huonyesha mtoto aliyekonda bila kumvua, ni wa watoto waliotimiza miezi sita. Lubna alikuwa na minne na nusu. Zamzam akamwambia Maram, "Mwambie Israa amnyonyeshe kila mara, na asubuhi nitapita." Asubuhi alipita. Mtoto alikuwa amelala, amefunikwa gubigubi. Bi Umulkheir akampa kahawa, wakazungumza habari ya paa linalovuja, akaondoka.

Alhamisi, tarehe 27 Februari, Israa alimbeba Lubna mwenyewe hadi zahanati. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Muuguzi, Hudson, kijana wa bara aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu Pate, hakumaliza hata kumsikiliza. Alianza kumpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko huku akipiga simu kutafuta boti. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilisubiri kwa muda wa saa mbili yajae. Walifika Lamu saa tisa. Hospitalini wakamvua kila kitu, wakampa Bi Umulkheir, aliyefuatana nao, ile hirizi ashike, wakampima, wakaandika kitabuni: nne nukta tisa. Saa kumi na moja na nusu Lubna akafa. Israa alikuwa amebakisha siku mbili za kulipa.

Maiti ililetwa asubuhi ya Ijumaa. Zamzam ndiye huosha wanawake na watoto wa kike pale kijijini, kwa hiyo alimwosha. Alikuwa ameosha watoto wengi, na mikono yake ilijua kazi. Safari hii mikono ilikawia kwenye mbavu. Alipomaliza, Bi Umulkheir alifungua fundo la leso yake, akamtilia kile kibweta na mkufu wake mkononi.

"Niwekee," akasema. "Sitaki kukiona. Matanga yakisha nitakuya kukitwaa."

Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akakitia mfukoni na kuendelea na sanda.

Baada ya maziko wanawake walikaa ndani, Israa akiwa ameegemea ukuta, hasemi. Maram alikuwa akipita na vikombe. Bi Umulkheir alimngoja atoke, kisha akamgeukia Zamzam mbele ya wote.

"Zamzam, weye ulikuwapo. Sitaki maneno ya barabarani. Siku ile, alisema Mashallah au hakusema?"

Zamzam ni mtu asiyesema uongo akiulizwa. "Hakusema."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Umulkheir, si kwa furaha, ila kama mtu aliyepewa karatasi aliyokuwa akiingoja. "Miaka saba ya kutizama wana wa watu. Siku ya tatu ikisha, Harith atamwandikia talaka yake arudi kwao."

Mlangoni, Maram alikuwa amesimama na sinia.

Zamzam alirudi nyumbani na kitabu cha kliniki cha Lubna, kwa kuwa kifo cha mtoto chini ya miaka mitano lazima akiripoti zahanati. Aliketi kuandika tarehe. Tano nukta tisa, Februari nne. Nne nukta tisa, Februari ishirini na saba. Kilo nzima kwa siku ishirini na tatu. Alijua watoto hupungua haraka wakihara. Lakini alikuwa amemshika Lubna mikononi, siku ile akiwa hai na leo akiwa maiti, na alijua zile mbavu hazikutokeza kwa siku ishirini na tatu.

Jumamosi asubuhi alitundika mizani kwenye boriti. Akairudisha sindano kwenye sufuri kwa ukucha. Akakining'iniza kibweta na mkufu wake. Sindano ikashuka ikasimama kwenye mstari wa nne. Akakitoa, akarudisha sufuri, akakitundika tena. Mstari wa nne. Gramu mia nne.

Hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. Sita nukta moja, toa mbili za nguo, toa nne za fedha, inabaki tano nukta tano. Mwezi wa Januari alikuwa tano nukta nane, wakati hirizi ilikuwa bado sandukuni. Kwa hiyo tarehe nne Lubna hakuwa amepanda. Alikuwa ameshuka gramu mia tatu, na kwa kanuni alipaswa kupelekwa siku hiyohiyo. Maram alisema mzito. Maram alikuwa amebeba fedha ya mama mkwe wake mkono mzima, na alisema alichokisikia mkononi. Katika baraza lile la watu ishirini na sita, yeye peke yake alitaja uzito kama ulivyokuwa.

Zamzam aliketi kwenye mkeka. Kisha akaiteremsha mizani, akaenda zahanati.

Alianza kwa Hudson. Alimkuta akipanga masanduku ya dawa, akamweleza yote kuanzia mwaka 1996, pamoja na kile kisanduku cha fomu. Hudson aliketi juu ya sanduku moja.

"Miezi yote hiyo umetia alama kwamba hawana nguo," akasema.

"Miaka yote."

"Mimi nilikuwa nawaambia watu wa kaunti waje waone kazi yako." Akajipangusa uso. "Bi Zamzam, siwezi kuficha hii kitu. Lazima niandike ripoti."

"Andika. Sikuja ufite." Kisha akauliza alilolijia. "Ungemwona siku ile, angeishi?"

"Sijui. Sababu ya mtoto kufa haiwi moja." Alitaka kuishia hapo, lakini mwanamke alikuwa akimtazama. "Wiki tatu ni nyingi sana kwa mtoto mdogo. Ningempeleka Lamu siku hiyo."

Hudson akamwambia kwamba ripoti itatosha, na kwamba si lazima aende kuiambia familia. Wataalamu wana njia yao ya kuzungumza na wafiwa. Zamzam akajibu kwamba njia ya wataalamu itafika baada ya Idi, na talaka inaandikwa kesho.

Ilikuwa wazi kwake atakachopoteza. Akina mama walimwamini kwa sababu ya masharti yale matatu. Akiingia nyumba ile na kusema masharti ndiyo yaliyoficha maradhi ya mtoto, kila mwanamke aliyewahi kumzika mwana atakwenda kutafuta kitabu cha kliniki na kukitazama upya. Na asiposema, itabidi Maram aibebe hukumu ambayo Zamzam mwenyewe, kwa neno moja la kweli, ndiye aliyeitia muhuri.

Jumapili baada ya swala ya alasiri alivuka kijiji na mizani kwapani. Watu walikuwa katika siku za kwanza za Ramadhani, wamejikalia kimya mbele ya nyumba zao, na walimtazama akipita.

"Mizani ya nini, Zamzam?" Bi Umulkheir akauliza. "Hapana mwana wa kupimwa nyumba hini."

"Najua, Bi Umulkheir. Nimekuya kupima hirizi."

Harith na Jeilani walikuwa wamekaa sebuleni, Israa kando yao. Kwenye kimeza cha Harith palikuwa na karatasi na kalamu. Mlango wa chumba cha Maram ulikuwa wazi nusu, na mfuko wa nguo ulionekana sakafuni, umefungwa. Zamzam hakuomba ruhusa. Alitundika mizani kwenye ndoana ya taa, akaweka sindano kwenye sufuri, akatundika kibweta na mkufu wake.

"Bwana Harith, nisomee."

Harith aliinuka. Kazi yake ni mizani kila siku ya Mungu. "Mia nne," akasema.

Zamzam akafungua kitabu na kuwaonyesha tano nukta tisa. Akasema aliyoyafanya, polepole, kama anavyoandika: aligusa hirizi kwa kidole, hakuuliza, akatoa nguo, hakutoa fedha.

Harith alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza. Kamba hupimwa ndani ya gunia lenye maji, kisha gunia hutolewa. Asiyetoa gunia amedanganya au amedanganyika. Alisema taratibu, "Hukutoa gunia."

"Sikutoa. Mwana alikuwa yuwashuka tangu mwezi wa kwanza, mimi nikaandika yuwapanda. Na Maram aliposema mzito, alisema kweli. Alibeba mwana na fedha. Nilipoulizwa hapa Ijumaa nilijibu nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo hini."

Jeilani aliinamisha kichwa kati ya magoti. Bi Umulkheir alikuwa akikitazama kibweta kinavyozunguka polepole kwenye ndoana.

"Basi ni mimi nilomuua," akasema.

"Hapana. Weye ulimfunga hirizi mjukuu wako. Kupima ilikuwa kazi yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, Israa akazungumza. "Ungeniambia nimpeleke siku ile?"

"Ndiyo, mwanangu. Siku ileile."

"Nami ningefungua," Israa akasema. "Ningekula siku ile, ningenyonyesha." Akanyoosha mkono, Zamzam akampa kitabu. Alikikumbatia kifuani, na Zamzam hakumwomba radhi, kwa kuwa aliona kwamba kumwomba ni kumtaka ampe kitu.

Harith aliichana ile karatasi, ingawa haikuwa na neno juu yake. Hapo Maram akatoka chumbani, buibui lake mwilini, mfuko mkononi.

"Usitoke," Harith akamwambia. "Siandiki kitu."

"Usiandike. Hayo ni yako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama siku aliyosema mkono umevunjika. "Siku tatu niko chumba hichi. Mwamjua mwana yule nilimbeba kiasi gani. Hapana hata mmoja aliyeniuliza, Maram, mwana alikuwa mzito vipi?" Akamgeukia Bi Umulkheir. "Mama, naenda kwetu."

Maram alipita mbele ya Zamzam bila kumsalimu, kisha akarudi hatua moja. "Weye Bi Zamzam umesema," akasema. "Lakini umetanguliza kusema lile lingine."

Usiku ule Maram alilala kwa jirani. Jumatatu asubuhi Harith alimbebea mfuko hadi kwenye boti, akasimama majini mpaka magotini, na Maram akaelekea bara. Bado ni mke wake. Amemtumia ujumbe mmoja tu, kwamba amefika.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Zamzam hakutundika mizani barazani. Aliitundika chumbani, akafunga leso mbili mlangoni ziwe pazia, akatandika mkeka safi na kuweka sahani tupu juu ya kigoda. Habari ilikuwa imekwisha zunguka. Badala ya akina mama ishirini na sita walikuja watano. Wawili, waliposikia mtoto atavuliwa kila kitu, waligeuka wakaenda zao. Mmoja wao akasema, kwa adabu, kwamba Bi Hadia asingelitaka hivyo. Zamzam akamjibu kwamba ni kweli, asingelitaka.

Watatu waliingia mmoja mmoja. Kila mama alifungua mwenyewe mafundo ya hirizi ya mwanawe, akaiweka kwenye sahani, akamvua nguo. Zamzam alirudisha sindano kwenye sufuri kwa ukucha, akatundika, akasoma mara mbili, akaandika bila kutoa chochote. Watoto wawili kati ya watatu walikuwa wepesi kuliko mwezi uliotangulia. Mmoja alikuwa mwepesi kwa gramu mia tatu, na mamake akaapa kwamba mtoto anakula na kucheza. Zamzam alitazama kitabuni uzito wa mwezi wa pili, akakumbuka kwamba mtoto yule alivaa sweta, hakukumbuka sweta nene kiasi gani. Akavaa buibui, akawasindikiza mama na mwana hadi kwa Hudson.

Ripoti imepelekwa Lamu. Mpaka jibu litakapokuja, mizani inabaki kwake. Jumanne ya kwanza ya Aprili inatarajiwa kuangukia siku za Idi, kwa hiyo atapima Jumanne inayofuata, tarehe 8, kuanzia saa tatu asubuhi, chumbani, watoto wakiwa uchi.